Wimbo wa Kuta Zinazopumua

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wote walioko hapo nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Na ile saluni, paa limeshazibwa au bado mnasuka watu huku mmetega ndoo? Sisi huku tu wazima kabisa. Mimi nimenenepa kidogo, na hilo nakuambia mapema ili usije ukalisema wewe kwanza. Mwanao naye anarefuka tu. Zile sketi ulizotuma nimezishusha upindo mpaka hakuna tena cha kushusha.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Nimeiacha makusudi. Kwenye simu hukawii kunikatiza, na mimi nikikatizwa nasahau nilichotaka kusema, mwisho tunaishia kusengenya watu. Haya ya leo nataka uyasome umekaa, bila kichwa cha mtu mikononi.

Ujumbe wako niliupata. Uliuliza kama si afadhali Chiriku abaki huku kwangu likizo hii, maana akija nyumbani anakaa kama mgeni na anakupita sebuleni kama anapita nguzo. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu aliyedondosha kitu akajifanya hakukiona, ukauliza kama huwa anakuulizia. Dada, nilisoma swali hilo nikaiweka simu chini. Jibu ninalo, tena nimelipata wiki hii tu, lakini hutalielewa kabla sijakusimulia habari za wimbo.

Ndiyo, wimbo. Subiri kwanza, usicheke.

Kazi yangu pale shuleni unaijua. Wanaosikia wakisema, mimi nayaweka kwenye mikono. Watoto wakisema kwa mikono, mimi nayaweka mdomoni. Basi muhula huu tumeletewa mwalimu wa muziki. Shule ya viziwi, mwalimu wa muziki! Hata mimi nilidhani kuna mtu huko ofisini amekosea jalada. Ni mtu mzima mpole, tumbo lake linafika kabla yake, na zamani alipiga gitaa la besi kwenye bendi za hotelini. Tunamwita Bwana Besi. Wiki yake ya kwanza tu akatangaza kwamba Siku ya Wazazi watoto wataimba kwa mikono, na wimbo ameshauchagua: roki ya zamani, ile ya wazungu wa nywele ndefu na mashati ya maua, aina wanayoiita saikedeliki. Humo gitaa linalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na kinanda kinazungukazunguka mpaka unapata kizunguzungu ukiwa umeketi.

Nilimuuliza kwa nini asitafute wimbo wa watu wenye akili zao. Akanijibu taratibu kwamba nyimbo za mapenzi zina neno moja, nakupenda, linarudiwa mpaka mikono inachoka, lakini wimbo huu kila mstari wake ni picha, na lugha ya watoto hawa ni ya macho. Sababu ya pili ilikuwa besi. Alisema besi ya wimbo ule haina shida na masikio ya mtu. Sikumwelewa siku hiyo.

Ukumbi ulikuwa unapakwa rangi, kwa hiyo tulianza na maneno darasani. Bwana Besi aliyaandika ubaoni, mimi nikasimama mbele kuyafasiri, na hapo ndipo nilipokiona cha moto. Mkalimani hawezi kuvusha kitu asichokiona, Dada. Mstari wa kwanza unasema mwezi unakunywa maji kwenye beseni langu. Haya, unakunywaje? Kwa ulimi kama paka, au unazamisha mdomo kama ng'ombe? Nikawauliza watoto. Ubishi uliozuka hapo ungedhani ni bungeni. Mmoja alishikilia kwamba mwezi haunywi kitu, ni beseni linavuja. Huyo atakuwa fundi bomba. Chiriku akapanda juu ya benchi, akaonyesha beseni limejaa, uso wa mwezi umelala majini, halafu maji yanapungua kidogo kidogo na ule uso unazidi kunenepa. Darasa zima likatingisha mikono juu, ambayo kwao ndiyo makofi. Nilijisikia fahari kana kwamba nimemzaa mimi.

Mstari wa pili unasema taa inanong'ona kwa rangi ya chungwa. Hapo nilijua tumekwama. Wapi! Walinishangaa mimi. Taa inayotaka kuungua hujaiona, wakaniuliza, inavyopepesa pepesa kama ina siri? Tukaja kwenye kuta zinapumua, na huo hata hawakuujadili. Walisema lori likipita barabarani kuta za bweni zinapumua kweli, weka tu mkono. Nimefanya kazi pale miaka na miaka, sijawahi kuushika ukuta kuusikiliza.

Mwalimu mkuu naye akayaona yale maneno ubaoni. Alituita ofisini, mimi na Bwana Besi, akafunga mlango, akauliza kama huu ni wimbo wa bangi. Bwana Besi si mtu wa kudanganya. Alikiri kwamba waliotunga huenda hawakuwa wamekunywa maji matupu, lakini akasema watoto wamezielewa kuta zinazopumua bila kuvuta chochote, kwa hiyo kosa haliko kwenye wimbo. Mwalimu mkuu akasema atakuja kukagua mwenyewe.

Sasa, kilichotushinda kilikuwa kiitikio. Kinasema hivi: nimelala ndani ya sauti yako, usiizime. Watoto wakakunja nyuso. Sauti kwao ni mali ya watu wengine, utalalaje ndani yake? Mmoja akapendekeza tuonyeshe mtu amejikunja ndani ya redio. Mwingine akasema labda anayeimba ni mbu. Nilicheka mpaka nikashika ubao, lakini picha hatukuipata, na bila picha hakuna wimbo.

Aliyepewa kuongoza ni Chiriku, maana mikono kama ile pale shuleni hakuna mwingine aliye nayo. Unajua hata hapa nyumbani akianza hadithi akiwa anaosha vyombo, maji yanafika ukutani na sahani ndizo zinazoumia. Lakini Bwana Besi ana kanuni yake ya tangu siku za bendi. Mwimbaji lazima achague mtu mmoja wa kumwimbia, amweke mbele yake na amwone, hata kama yuko mbali. Usipofanya hivyo, anasema, watu watakutazama lakini hawataguswa. Basi kila mtoto akachagua wake. Kuna aliyemchagua bibi yake, kuna aliyemchagua mchezaji mpira, kuna aliyemchagua mbwa wa jirani. Alipofikiwa Chiriku alisema hana mtu. Alisema kwa mkono mmoja, kwa dharau, akaenda kukaa dirishani. Siku iliyofuata akasema haongozi tena.

Kiherehere changu unakijua. Nilimfuata pale dirishani, nikamwambia amwimbie mama yake, nikafanya ile alama ninayokuitia wewe siku zote, vidole vinasuka hewani. Akaniambia hilo si jina.

Hapa lazima nikueleze desturi yao. Mtu anayesikia hajipi jina la alama, wala hampi mwenzake. Wanakupa wao, wakishakutazama vya kutosha, na huruma hawana. Mwalimu mkuu ni kiganja kinachopangusa upara. Bwana Besi ni tumbo linalopigwa ngoma. Mimi ni vidole vinavyofunguka na kufumba mbele ya mdomo bila kupumzika, na maoni yako sitaki kuyasikia. Wewe nilikuwa nakuita kusuka, nikiamini ndilo jina lako, kumbe nimejitungia. Chiriku alinieleza bila hasira yoyote kwamba kusuka ni kazi, wasusi wako wengi. Nikamuuliza, sasa jina la mama ni lipi? Akasema bado hana. Akasema hajawahi kukutazama vya kutosha, kwa sababu kila akikutazama unageuza uso.

Nisamehe kuliandika hilo. Nilikwenda chooni nikalia kama mtoto, nikanawa, nikarudi kazini. Nilikulilia wewe, na sehemu nyingine ilikuwa hasira. Maana ni kweli, Dada, unageuza uso. Nimekuona. Unageuza ili asiyaone machozi yakikulengalenga, lakini yeye anachokiona ni kisogo. Na pale mezani mnapocheka wote, yeye akauliza kuna nini, mnamwambia baadaye. Hakuna neno analolisoma vizuri kwenye midomo ya watu kama hilo neno baadaye, na hadi leo hajui mlikuwa mnacheka nini. Sikusemi kwa ubaya. Nakusema kwa sababu mwingine wa kukusema hayupo, Mama angekuwepo angekusema yeye.

Basi, juzi ukumbi ukafunguliwa. Sakafu yake ni ya mbao, na Bwana Besi akaleta spika kubwa kama jokofu, akailaza kifudifudi, mdomo wake umekutana na mbao. Watoto wakavua viatu, kila mmoja na puto la kukumbatia, maana puto nalo linashika mtetemo. Mwalimu mkuu akatokea na uso wake wa ukaguzi. Bwana Besi akamwomba avue viatu kama wengine. Akakataa, akasitasita, akavua. Soksi moja ilikuwa imetoboka na kidole gumba kinachungulia nje. Watoto walikiona, na mikono iliyokimbia pale sitaifasiri kwa sababu nataka kuendelea kulipwa. Lakini wimbo ulipoanza na mbao zikaanza kutembea chini ya nyayo zetu, yule baba uso ulimlegea. Akaniambia nimwambie Bwana Besi aongeze kidogo.

Kikaja kiitikio. Gitaa na kinanda vinanyamaza hapo, inabaki besi peke yake, nzito, ya taratibu, inakwenda na kurudi. Mimi nilikuwa namwangalia Chiriku tu, kwa sababu alikuja kwa kulazimishwa na alikuwa amesimama mlangoni amenuna. Nikaona ule mnuno unamtoka. Akaingia hadi katikati ya ukumbi, akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi na kuweka shavu kwenye mbao. Wenzake wakadhani ni mzaha. Wimbo ukaisha, yeye yuko palepale. Bwana Besi akanitazama, nikamwashiria arudie. Akarudia. Safari hii niliona mabega yanapanda na kushuka, nikajua mtoto analia.

Nilimtoa nje tukakaa kwenye ngazi za ukumbi, jua la mchana linatuchoma na wala hatujali. Alisema anakifahamu kile kitu kilichoko kwenye mbao. Alikifahamu kabla hajajua neno lolote. Alikuwa mdogo, amefungwa kwa kitambaa kwenye mgongo wa mtu, pananukia mafuta ya nywele, shavu lake liko katikati ya mabega, na ule mgongo ulikuwa unafanya hivyohivyo, taratibu, mchana kutwa. Alikuwa analala humo. Ndiyo maana ya ule mstari, akasema, hakuna cha redio wala mbu.

Nikamwambia huyo ni mama yako, na hicho ni kuimba. Nikamwambia kwamba wewe, Dada, ulikuwa ukisuka watu huku unaimba, mpaka wateja wakawa wanakuja kwako kwa ajili ya sauti kuliko mikono. Alinishika mikono nisiendelee kwanza. Alikuwa hajui kwamba ni kuimba. Alidhani migongo yote hufanya vile, mpaka siku moja mimi nilipombeba akakuta kimya. Tulicheka wote wawili huku tunafutana machozi, maana sauti yangu kanisani unaikumbuka, kiongozi wa kwaya alinishauri niwe nagawa vitabu.

Halafu akanieleza lililobaki, na hili, Dada, ndilo lililonifanya niandike.

Alisema siku moja ule mgongo ukanyamaza. Mgongo uleule, kitambaa kilekile, harufu ileile, lakini kimya. Akasubiri. Akabandika shavu kwa nguvu zaidi. Akaugonga kwa kiganja kama mtu anayegonga mlango. Hakuna kitu. Nikapiga hesabu za nyuma, na wewe unajua nilifika wapi. Homa ile ilipomchukua masikio uliendelea kumbeba na kumwimbia kwa muda mrefu sana, ukiamini yatarudi. Ni siku daktari aliposema hayatarudi ndipo ulipofunga mdomo. Kwaya wakaja kukuuliza, ukawaambia kifua kinakusumbua. Sote tulijua si kifua, na hakuna aliyethubutu kusema. Ulijiambia, namwimbia nani sasa.

Lakini yeye angejuaje habari za daktari? Alikuwa mtoto wa kubebwa. Alichokijua ni kwamba siku hizohizo alikuwa amevunja kile kioo cha mkononi cha saluni, akaona vipande vimetapakaa na uso wako umebadilika. Kisha mgongo ukanyamaza. Akaunganisha mwenyewe. Tangu hapo, Dada, mtoto huyu anaishi akijua kwamba mama yake ana hasira naye kwa sababu ya kioo. Kila ukigeuza uso, kwake ni kioo. Kila ukituma sketi badala ya kuja, ni kioo. Ndiyo maana anakupita kama nguzo. Anaona haya.

Tulikaa pale hadi wenzake wakatoka kwenda kucheza. Ndipo akakupa jina. Aligeuza mkono wake wa kushoto, kiganja kikatazama chini, akalaza shavu juu ya mgongo wa mkono, akafumba macho, na ule mkono ukawa unatetemeka kidogo. Hilo ndilo jina lako. Sitamruhusu mtu mwingine alitumie. Jana aliongoza mazoezi, na kwenye kiitikio alifanya hilo jina, kisha akafanya usiizime, akimtazama mtu ambaye hayupo. Bwana Besi ilibidi ajifanye anatafuta waya chini ya meza. Mwalimu mkuu hakusema tena neno bangi.

Sasa jibu lako. Uliuliza kama huwa anakuulizia. Ameniuliza jambo moja tu. Anataka kujua kama ulishamsamehe.

Jibu nililijua, tena lilikuwa limefika kwenye ncha za vidole. Nikaikunja mikono yangu nikaikalia. Swali hilo si langu, na nakuomba usinitumie majibu ya kufikisha. Mimi ni mkalimani wa watu wote, lakini hilo sitakufasiria. Siku ya Wazazi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kama kuna bibi harusi wa kusuka siku hiyo, asukwe na mtu mwingine mara moja tu, hatakufa. Usijifunze alama za harakaharaka kwenye simu, maana utatukana watu bila kujua. Usilete sketi. Njoo na kifua chako hicho unachosema kinasumbua. Yeye ni mkubwa sasa, habebeki tena, ila anaweza kusimama nyuma yako akaweka shavu. Wewe imba. Imba chochote, hata kama umesahau maneno, hata kama sauti imekauka. Atakapolia usigeuke pembeni. Geuka umtazame, na machozi yako yote ayaone.

Likizo atakuja nyumbani. Mtarudi pamoja, nimeshamwambia na ameanza kukunja nguo.

Nisalimie shemeji, na wale watoto wa saluni wanaokuita shangazi, na jirani yule mwenye maneno, mwambie bado namkumbuka kwa yote. Kalamu yangu inaishiwa, na mimi pia. Mwanao amekaa hapa karibu yangu tangu nilipoanza ukurasa huu. Ameuliza barua inachukua muda gani kufika kwa mama. Nimemwambia haikawii kufika, tena mama ataifuata hukuhuku ilikotoka. Usinifanye mwongo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
mama mdogo wa Chiriku